Vitone Nilivyofuta

Tarehe 2 Machi
Miezi mitano na siku sita tangu niondoke

Dada yangu,

Shikamoo. Wasalimie wote walio chini ya bati lako, wakubwa kwa wadogo, na shemeji naye msalimie hata kama atajifanya hakusikia. Wapwa zangu wanaendeleaje? Yule wa mwisho bado anakula udongo? Mimi mzima, ila mgongo. Mgongo si wangu tena, ni wa mwenye jengo.

Ningepiga simu, lakini simu ya nyumba anaishika shemeji na anapenda kuweka sauti kubwa mpaka majirani wachangie. Kwa hiyo tuendelee hivihivi, karatasi na basi. Karani wa mizigo ananifahamu sasa, ananiita Mwandishi.

Uliniuliza nafanya kazi gani hasa, maana huko mliambiwa napika hospitalini. Si kweli. Hili jengo si hospitali. Linachunguza figo tu, ghorofa nne, figo kuanzia chini mpaka juu. Mwanzo waliniweka kwenye panya. Panya analazwa kwa dawa, anapasuliwa, na mshipa unaopeleka damu kwenye figo unabanwa na kibanio kidogo kama cha nguo. Nusu saa. Kibanio kikiachiwa anashonwa, na kesho yake anauawa ili figo itazamwe. Muuaji nilikuwa mimi. Unambana shingo kwa fimbo ya kalamu, unavuta mkia mara moja, unasikia "kap". Siku nyingine niliua arobaini kabla ya chakula cha mchana, na nikala.

Sasa nimepanda cheo, usicheke. Mkuu wetu, tunamwita Mama Daktari, aliona nina macho makali. Figo inakatwa kipande chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, inatiwa rangi, inalazwa kwenye kioo. Kioo kinaingia kwenye mashine ya kupiga picha, na picha inatokea kwenye kompyuta, kubwa kama ramani ya mji. Kompyuta yenyewe inaweka vitone juu ya seli zilizokufa. Seli ni vile vyumba vidogo ambavyo mwili umejengwa navyo. Kuna seli inayokufa kimya: inajikunja, inamegeka, jirani zake wanaimeza na maisha yanaendelea. Hiyo inawekewa kitone cha buluu. Na kuna inayopasuka na kumwaga uchafu wake wote, jirani wakaungua. Hiyo ni nyekundu. Lakini kompyuta ina ujinga wake, mara inaweka kitone kwenye vumbi, mara inaruka maiti. Basi mimi na mwenzangu mmoja, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, tunakaa tunasahihisha. Tunaongeza palipokosewa, tunafuta palipozidi. Darasa la saba sikulimaliza, leo nasahihisha kompyuta.

Sasa neno lenyewe. Mdogo wetu Kitinda nimemwandikia mara mbili na hajajibu. Si kawaida yake. Mwambie kaka yake anauliza.

Mdogo wako


Tarehe 17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika na alama ya kiatu mgongoni, mwambie huyo karani wako barua si zulia. Sisi hatujambo, tukiondoa hili nitakalokwambia. Wa mwisho ameacha udongo, sasa anakula chaki. Wa kwanza amerefuka kuliko mlango wa jikoni, kila asubuhi anagonga paji la uso na kila asubuhi anautukana mlango. Bati linavuja palepale. Shangazi anatishia kuja kukaa.

Kitinda hakukujibu kwa sababu anaumwa. Usishtuke. Tarehe kumi na nane mwezi uliopita alianguka. Alipanda ukuta wa kiwanda cha matofali cha shemeji yako, hapo nyuma ya nyumba, akateleza. Alivimba mgongo, matako na mapaja yote mawili, akawa hawezi kukaa wala kulala chali. Tukamkanda kwa maji ya chumvi. Siku ya pili mkojo ukatoka mweusi kama chai ya rangi iliyoachwa jikoni kutwa. Siku ya tatu haukutoka kabisa. Uso ukajaa, macho yakafunga. Tukampeleka hospitali.

Daktari akauliza, "Amekunywa dawa gani huyu?" Shemeji yako akawahi, "Mizizi. Anapenda sana dawa za mizizi." Nami nikaitikia kwa kichwa. Imeandikwa hivyo kwenye kadi. Usiniulize kwa nini.

Wameanza kumsafisha damu kwa mashine. Zipo mbili tu, watu wanapanga zamu. Hizo habari zako za vitone zimenichekesha, na hapa nilikuwa nahitaji kucheka.

Dada yako


Tarehe 21 Machi

Dada,

Shikamoo. Salamu kwa wote. Nimemaliza salamu.

Ukuta gani huo unaompiga mtu mgongo, matako na mapaja yote mawili, ukaacha kichwa, viwiko na magoti? Nimejenga kuta na nimeanguka kutoka kwenye kuta. Mtu akianguka anavunjika kitu. Hachakazwi kama nyama ya kusaga.

Sikiliza. Wiki iliyopita nilikuwa na kioo cha mtu aliyefukiwa na kifusi. Mirija ya figo yake imeziba, imejaa kitu cha kahawia kama matope ndani ya mpira wa maji, na seli zinazoitandika mirija zimepasuka, moja inaangukia nyingine. Nikamuuliza Mama Daktari. Akasema nyama ya mtu ikipondwa inatoa rangi yake kwenye damu, rangi inakwenda kuua figo, na mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Dada, alitumia maneno yako hayohayo. Akasema, "Kifusi, ajali, au kipigo." Tena nyama hiyo inatoa chumvi yake inayoweza kusimamisha moyo ghafla, mtu akiwa anaongea na wewe. Daktari asiyejua kwamba mtu kapigwa anaitafuta mizizi, na mizizi hakuna. Nenda kamwambie.

Redio aliisoma barua yako kwa juu ya bega langu. Akaniuliza, "Mwenzangu, kuta za kwenu zina mikono?" Nikampiga. Sikumpiga moja. Nilimpiga mpaka kichwa chake kikaingia chini ya meza na jino lake likabaki limechoma kidole changu, na sikuacha, nilitolewa. Msimamizi alipokuja, Redio akafuta damu akasema ameanguka. Unaona? Mwaka huu kila mtu anaanguka.

Nani kampiga Kitinda? Niandikie jina.

Mdogo wako


Tarehe 11 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Wiki tatu nimekaa na karatasi tupu. Wapwa zako wazima. Wa kwanza ameanza kuinama mlangoni, amejifunza. Shangazi amekuja kweli, na ameshahamisha masufuria yangu yote, sasa nakitafuta kijiko kama mgeni nyumbani kwangu. Mvua zimeanza, matofali hayakauki.

Haya.

Pampu ya maji ya kiwandani iliungua. Shemeji yako akaenda stoo kuchukua ile ya akiba. Akakuta sanduku lake pale pale, zito, limefungwa kamba vizuri. Akafungua. Ndani mna matofali mabovu yaliyopangwa kwa adabu. Na ufunguo wa stoo siku zote anao Kitinda.

Walimfunga kwenye nguzo ya uani kwa waya wa kufungia nondo. Shemeji yako, dereva wa lori, na yule mchanganya zege. Walikata mpira wa maji wakaujaza mchanga, wakaziba ncha mbili. Walianza watu walipomaliza kula mchana, wakaacha wafanyakazi walipokuwa wanaondoka. Walipokezana. Mmoja akichoka anakaa kwenye ndoo, mwingine anashika. Nilisikia kila neno, dirisha la jikoni linatazama uani.

"Nani kachukua?"

"Sio mimi."

"Nani?"

"Sio mimi, shemeji."

"Unamjua?"

Hapo angesema hamjui. Wangechoka, wangemwacha. Lakini si unamfahamu Kitinda. Akasema, "Namjua. Ila sisemi."

Basi ndipo walipoanza hasa. Mpira ule haulii, mdogo wangu, unapiga kimya kama mtu anatupa gunia chini. Ngozi haikupasuka sana. Ndiyo maana nilidhani atapona.

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Niliwapikia chai. Walipopumzika niliwapelekea pale pale uani, nikapita mbele ya Kitinda na sinia mkononi. Shemeji yako akaonja akasema sukari haitoshi. Nikarudi kuongeza sukari.

Kwa daktari nimefika mlangoni mara mbili, na mara mbili nimerudi. Kiwanda kikifungwa, hawa watoto watakula wapi? Sema unavyotaka.

Figo hazijaamka. Juzi walimdunga sindano nene mgongoni wakatoa kipande, wakasema kinapelekwa kwenye jengo kubwa la figo, hospitali zote za huku zinapeleka huko. Nikamwambia nesi, "Huko yupo kaka yake." Akaniuliza wewe ni daktari wa nini. Nikamwambia wa vitone. Kioo chake hakina jina, kina namba tu: 4417. Kitazame, uniambie ukweli.

Na jambo jingine. Kitinda hata mimi hataki kunitajia. Nikimuuliza anageukia ukutani. Kama wewe unamjua aliyechukua pampu, niambie.

Dada yako


Tarehe 20 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Msalimie shangazi, mwambie arudishe masufuria. Huku jua kali, mgongo uleule. Nimerudishwa ngazi moja chini kwa ajili ya lile jino, asubuhi nafagia kwanza, vitone baadaye. Redio ameweka jino la bandia na anasema ni zuri kuliko la zamani.

Kioo 4417 kilifika Ijumaa. Nimekishika mimi mwenyewe. Si kibaya sana. Namba ya seli zake zilizokufa itakuwa nzuri.

Sina zaidi. Nimechoka.

Mdogo wako


Tarehe 14 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako ilikuwa fupi kama tangazo la kukatika maji. Nilikuuliza kitu, ukanijibu habari za jua. Nimeliona hilo.

Watoto wazima. Tumehamia wote wanne, mimi na watoto, nyumbani kwake shangazi, tunalala chumba kimoja. Sasa ni zamu yangu kumhamishia masufuria. Utaelewa mbele kwa nini tumehama.

Karatasi ya namba kutoka kwenu ilifika hospitali tarehe ishirini na mbili mwezi uliopita. Daktari akafurahi, akanionyesha: seli zilizokufa ni chache, figo itaamka yenyewe. Nikakuombea dua. Mashine ni mbili na wanaosubiri ni kumi na saba, wakamtoa Kitinda kwenye zamu wakaingiza wenye namba mbaya kuliko yake.

Siku ya sita maji yakamjaa mapafuni. Alikuwa amekaa kwenye benchi la korido ananiambia hadithi ya mgonjwa wa kitanda cha tatu anayeota akiendesha gari, akakatika katikati. Akafungua mdomo, hewa haiingii. Povu la pinki likamtoka mdomoni na puani. Alipigana, mdogo wangu, kama mtu aliyetupwa kisimani. Alimpiga nesi kiwiko cha uso, aling'oa mlango wa kabati la dawa, alinikamata nywele akanivuta mpaka nikaanguka juu yake, na macho yake hayakuwa yananiona. Wanaume wanne walimlaza sakafuni. Halafu akalegea. Moyo ulisimama. Daktari akampanda kifuani kwa mikono miwili, akakandamiza, akakandamiza, na nikasikia ubavu ukivunjika, "ta", kama kuni kavu. Hakuacha. Ubavu wa pili. Kisha Kitinda akakohoa.

Amerudishwa kwenye mashine. Yupo. Anaongea kwa kunong'ona.

Siku tatu baadaye shemeji yako akaja wodini na mfuko wa machungwa. Nikadhani amekuja kuomba radhi. Akauweka mfuko kitandani, akainama kwenye sikio la Kitinda, akasema taratibu, "Nani?"

Nilichukua kile chuma cha kutundikia dripu. Pigo la kwanza lilimpata begani. Pigo la pili sikuangalia linakwenda wapi. La tatu niliangalia. Machungwa yalitapakaa wodi nzima, na wagonjwa walioshindwa kuinuka wiki nzima waliinuka kuyaokota. Taya lake limevunjika sehemu mbili. Limefungwa waya, anakunywa uji kwa mrija.

Hapo hapo, chuma bado kiko mkononi, nikamwambia daktari kila kitu. Nguzo, waya, mchanga, chai yangu na sukari yangu. Akaandika. Askari wakaja wakaandika pia. Dereva wamemshika, mchanganya zege amekimbia. Shemeji yako wamemwachia akapone taya kwanza. Kwa kuwa hawezi kuongea, anatembea na daftari, na kila anayemkuta, hata wanangu, anawaandikia neno moja tu: NANI. Ameapa kwamba akimpata huyo mtu hatatumia mpira.

Daktari anasema namba ile kutoka kwenu haifanani na mtu huyu. Amewapigia simu.

Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Na usinitajie jua.

Dada yako


Tarehe 9 Juni
Miezi minane na siku kumi na sita tangu niondoke

Dada yangu,

Shikamoo. Nisalimie watoto na shangazi. Kama umeketi na mtu, subiri aondoke ndipo usome.

Pampu niliichukua mimi.

Ilikuwa siku ya mwisho kabla sijaondoka. Nilihitaji nauli na shemeji alikuwa amenicheka mbele ya vibarua wake nilipomwomba. Kitinda ndiye aliyenifungulia stoo. Hakutaka. Nilimwambia nitarudisha nyingine kabla hawajajua, na tukapanga yale matofali pamoja, yeye ndiye aliyeyapanga kwa adabu, wewe unamjua. Nilimwambia, "Ukiulizwa, sema hujui." Hilo tu. Hata hilo hakuliweza. Hajawahi kuweza kudanganya tangu ana meno ya utoto, na mimi nilijua hilo nikamwachia ufunguo.

Uliponiandikia habari ya nguzo, nilijua kabla sijafika kwenye waya. Nilisoma mpaka kwenye sukari, nikakunja barua, nikaenda kufagia.

Kuna la pili, na ni baya zaidi ya hilo.

Kioo 4417 nilikiingiza kwenye mashine kwa mkono huu. Mama Daktari alikuwa safarini wiki hiyo. Picha ikafunguka, Dada, na ilikuwa nyekundu. Kompyuta ilikuwa imeweka vitone vyekundu elfu mbili mia tatu na sita. Mirija imejaa ule uji wa kahawia, seli zimepasuka zimelala ndani kama watu waliokanyagana mlangoni. Niliangalia nikasema huyu sio yeye. Nikaanza kufuta. Kimoja. Hiki ni vumbi. Hiki nacho ni rangi imezidi. Hiki kiko hai, naona kabisa kiko hai. Nilifuta kwa dakika arobaini, na kila nilichofuta nilisikia nafuu, kama namfungua mtu waya mmoja. Nikaacha mia nane na kitu. Nikakubali. Sikujua, au nilijua na sikutaka kujua, kwamba namba inaondoka yenyewe kwenda hospitali kabla Mama Daktari hajatia saini.

Umenielewa? Aliyemtoa Kitinda kwenye zamu ni mimi. Lile povu nililitia mimi. Mbavu zile mbili nilizivunja kutoka huku, nimekaa kwenye kiti.

Daktari wenu alipopiga simu na kumsimulia yote, Mama Daktari alikifungua kioo upya. Akaniita. Kompyuta inaweka kumbukumbu ya kila mkono na kila saa.

"Miezi yote uliyokaa hapa hujawahi kufuta vitone mia kwenye kioo kimoja," akasema. "Hapa umefuta elfu moja na mia tano. Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

"Ulikuwa umelewa?"

"Hapana, Mama."

"Basi nini?"

"Ni mdogo wangu."

Alikuwa ameshika kikombe. Akakipiga ukutani kikapita karibu na sikio langu, na chai ikanimwagikia shingoni, na sikuhisi ni moto mpaka baadaye.

"Ulidhani ukifuta kitone, seli inafufuka?"

"Sikudhani kitu. Mkono ulikataa."

"Mkono wako umemzamisha mtu kwenye benchi!" Alipiga kelele ambayo ghorofa zote nne zilisikia. "Ningekuwa na mpira wa mchanga hapa, wallahi ningekupiga nao!"

Nikamwambia hata mimi ningeomba anipige. Akasema hana muda wa kunifurahisha.

Akatuma namba ya kweli saa ile ile, na barua ya kuomba radhi yenye jina lake, si langu. Vioo vyote nilivyogusa tangu Machi lazima virudiwe. Redio ndiye atakayevirudia. Nilipokwenda kumwambia, alinionyesha lile jino lake jipya.

"Jino umechukua," akasema. "Sasa unataka na macho?"

Kisha akanisaidia kufunga begi. Nimeachishwa kazi, ndiyo. Ni haki.

Kabla sijatoka Mama Daktari alinirudisha kwenye skrini. Alikuwa ametulia, sauti imekauka. Akasogeza picha ya 4417 mpaka kwenye kona moja ambayo sikuifikia siku ile, maana nilikuwa nawafuta maiti tu. Akasema, "Tazama hapa, wewe mwenye macho makali." Kando ya mirija iliyobaki tupu kulikuwa na seli chache zimejilaza bapa, nyembamba, zimejivuta kufunika pale wenzao walipong'oka. Moja ilikuwa inagawanyika iwe mbili. "Hizi zilikuwa zinaanza kufanya kazi," akasema. "Kisha ukamnyima mashine. Sijui kama zimebaki. Mwambie dada yako sikuahidi kitu." Basi nakwambia kama alivyosema: hakuahidi kitu. Jana alipiga simu wodini, wakamwambia Kitinda amekojoa, kiasi cha kikombe, mkojo wa manjano. Kikombe kimoja. Nimelia nacho kama mwendawazimu.

Sasa nisikilize, na usibishane nami, barua yako haitaniwahi. Ukimaliza kusoma, mpelekee shemeji karatasi hii. Usimsomee, mpe ashike mwenyewe. Anauliza kwa daftari, na jibu ni mimi, jina langu analijua kuandika. Kitinda mwambie ameachiwa, aseme, asinibebe hata siku moja zaidi. Na wewe sikulaumu kwa chai. Ningekuwa na mdomo wa kukulaumu ningekuwa nimeutumia Aprili.

Najua shemeji ameapa. Najua polisi nao watataka kuandika yangu. Nitaanza wodini, nimwone Kitinda uso kwa uso, kisha nitakwenda kituoni kwa miguu yangu, na huyo mwenye taya la waya tukikutana njiani kabla sijafika huko, basi tumekutana. Sitainua mkono. Uliobaki na nguvu ni wa kubebea begi.

Naondoka hapa Jumanne tarehe 17. Nitashuka stendi Alhamisi tarehe 19, basi la saa saba mchana. Usije kunipokea, na watoto wafungie ndani. Anayenitaka atanikuta nimesimama.

Mdogo wako